Mtoto akiwa neonato: maswali ambayo akina mama wa Bukavu wanauliza kila siku

Ukurasa huu ni wa mama ambaye mtoto wake mchanga amelazwa katika chumba cha uangalizi mkubwa, kile ambacho Bukavu nzima inakiita neonato. Ni wa baba pia, wa nyanya, na wa yeyote anayekaa kwenye benchi pale nje na mfuko wa vikwembe. Huna haja ya kusoma kwa mpangilio. Kama usiku huu mawazo yamekuzidi, anza na swali la 16.

## Siku za kwanza

1. Neonato ni kitu gani, na mtoto atakaa huko muda gani?

Ni chumba cha watoto wanaohitaji kuangaliwa saa zote: waliozaliwa kabla ya juma la 37 la mimba, walio chini ya kilo 2.5, waliochelewa kulia, wenye maambukizo, wenye shida ya kupumua, wenye manjano kali. Mwingine anamaliza antibiotiki kwa siku chache na kurudi nyumbani, mwingine anakaa miezi miwili. Kama mtoto amezaliwa mapema, hesabu hadi karibu na tarehe uliyotarajia kuzaa. Wengi wanatoka kabla ya hapo, lakini ukijiandalia tarehe hiyo hutavunjika moyo kila Ijumaa.

2. Natetemeka, nalia bila sababu, silali. Nimeanza kuwa kichaa?

Hapana. Mwaka 1993 muuguzi mtafiti wa Marekani, Margaret Miles, na wenzake walichapisha kipimo cha dhiki ya wazazi walio na mtoto neonato. Kinauliza mambo ya aina tatu: yale unayoyaona na kuyasikia chumbani, jinsi mtoto anavyoonekana, na kunyang'anywa kazi yako ya uzazi. Kipimo hicho kimetumika nchi nyingi, na mara nyingi ni hilo la tatu linalowaumiza wazazi kupita mengine. Mama anaweza kuzoea mashine ndani ya siku chache tu. Kusimama mlangoni kama mgeni wa mtoto wake mwenyewe hakuzoeleki.

Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanahusu kazi ya mikono. Kumwambia mama "jipe moyo" ni rahisi na hakumsaidii. Mpe kazi ambayo mtoto anaihitaji kweli, kisha umweleze kinachoendelea.

3. Nikimtazama sisikii upendo wowote. Mimi ni mama mbaya?

Kufa ganzi ni namna mwili unavyojikinga na hofu kubwa. Mama anaogopa kumpenda mtoto ambaye anaweza kumpoteza, na hali hiyo ni ya kawaida kuliko akina mama wanavyokubali kusema. Kwa wengi inalegea wanapoanza kumgusa mtoto (swali la 7 na la 8). Ikiendelea zaidi ya majuma mawili, soma swali la 15.

4. Ni kosa langu? Nilibeba maji, niligombana na mume wangu, nilipanda moto (pikipiki).

Watoto huzaliwa mapema kwa sababu ya presha ya mimba, maambukizo ya mkojo au ya njia ya uzazi, malaria, mimba ya mapasa, kondo la nyuma lenye kasoro, shingo ya kizazi kulegea, mimba zinazofuatana karibu mno. Mara nyingi daktari hapati sababu yoyote. Ugomvi mmoja au safari moja kwenye barabara mbovu haiko katika orodha hiyo. Laana ya ukoo pia haimo.

Muulize daktari hivi: "Kuna sababu inayoweza kurudi mimba ijayo?" Jibu la swali hilo linafaa, kwa sababu presha na shingo ya kizazi vinaweza kufuatiliwa tangu mwanzo wa mimba nyingine.

## Mashine na sauti zake

5. Mashine inalia kila mara. Mtoto anakufa?

Mara nyingi mlio unasema tu kwamba waya umetoka mahali pake. Kile kitaa chekundu kinachofungwa mguuni kinapima oksijeni ya damu. Mtoto akipiga teke, kinateleza na mashine inapiga kelele. Jizoeze kumtazama mtoto kwanza, halafu mashine. Midomo na ulimi vina rangi ya waridi? Kifua kinapanda na kushuka? Kama ndiyo, una muda wa kumwita muuguzi kwa sauti ya kawaida. Kama ulimi ni wa buluu, au kifua kimetulia, mwite kwa nguvu hapo hapo.

Mtoto aliyezaliwa mapema sana anaweza kusahau kupumua. Ubongo wake haujakomaa, na pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi inahesabiwa kuwa tatizo. Muuguzi anamsugua mgongo au nyayo, naye anaendelea. Kuna dawa kwa ajili hiyo, kafeini, na hali yenyewe inaisha kadiri anavyokomaa. Kuiona kwa mara ya kwanza kunatisha sana, heri ujulishwe kabla.

Vitu vingine utakavyoviona: sonda, mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni kwa ajili ya maziwa, taa ya buluu ya kutibu manjano, ambapo macho hufunikwa ili yasiumie, na chupa ya maji inayotoa mapovu, inayosukuma hewa mapafuni kupitia pua. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali: mwambie muuguzi, usirekebishe mwenyewe. Wala usiongeze oksijeni kwa huruma. Kwa watoto wanaopewa oksijeni kabla ya kukomaa, oksijeni ya damu hushikiliwa karibu na asilimia 90 hadi 95 kwa makusudi, kwa kuwa oksijeni nyingi mno inaharibu macho yao.

6. Umeme wa SNEL ukikatika, mtoto wa kwenye kuvezi (kisanduku kinachompasha joto) atakuwaje?

Uliza siku ya kwanza, mchana, kabla giza halijakukuta na wasiwasi: jenereta inawaka baada ya muda gani, na kuna mitungi ya oksijeni ya akiba? Kuhusu joto, jibu unalo mwilini mwako. Kuvezi iliyozimika inapoa, na Bukavu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, usiku haina huruma. Kifua cha mama hakikatiki umeme. Mtoto anatakiwa kuwa na joto la 36.5 hadi 37.5. Kama hali yake inaruhusu, muuguzi atamtoa na kumweka kifuani kwako.

## Kazi ambayo ni ya mama

7. Naogopa kumgusa. Nianzie wapi?

Nawa mikono hadi viwiko kwa sabuni, toa pete na bangili, jikaushe. Weka kiganja kimoja kichwani na kingine kwenye nyayo, utulie bila kupapasa. Ngozi ya mtoto aliyezaliwa mapema inachokozwa na kupapaswa kwepesi kwepesi. Mkono mzito uliotulia unampendeza zaidi. Ongea naye kwa sauti ya chini, Kiswahili au Mashi, sauti yako anaijua tangu tumboni. Akikunja uso, akitanua vidole au akigeuza kichwa, amechoka. Pumzika, rudi baadaye.

Omba pia kazi ndogo ndogo: kubadilisha nepi, kupaka matone ya maziwa mdomoni, kushika sindano ya maziwa wakati yanateremka kwenye sonda. Ukiambiwa hapana, uliza hiyo ruhusa itakuja lini.

8. Kangaruu (kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi) inafanywaje hasa?

Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu. Wewe ufungue kifua, bila sidiria. Anawekwa wima kati ya maziwa yako, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isikunjike. Miguu ikunjwe kama ya chura, mikono pia. Kisha kikwembe kinazungushwa na kufungwa kwa nguvu, ukingo wa juu ukiishia chini ya sikio lake. Usalama wake uko kwenye fundo: kikilegea, mtoto anateremka, shingo inakunjika na pumzi inaziba. Inama kidogo ujaribu. Asipoteleza, umefunga vizuri. Kaa ukiwa umeegemea nyuma kidogo, usilale chali kabisa.

Kila zamu iwe angalau saa moja. Kumtoa na kumrudisha kila dakika 20 kunamchosha kuliko kumwacha. Lengo la Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2022, ni saa 8 hadi 24 kwa siku. Peke yako huwezi, ndiyo maana baba, shangazi na nyanya wanafundishwa pia.

Wengine wanasema kangaruu ni dawa ya maskini na kuvezi ni ya matajiri. Ni kweli ilianza kwa uhaba, mjini Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokosa kuvezi za kutosha. Lakini utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulilinganisha watoto wa kilo 1 hadi karibu 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa na wale waliosubiri hadi hali yao itulie. Kwa kundi la kwanza, vifo vya siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo. Nawe unapata chako: mama anayembeba mtoto hivi hutulia, na maziwa hutoka vizuri zaidi.

9. Nimepasuliwa. Naweza?

Ndiyo, mara unapoweza kukaa umeegemea. Kikwembe kifungwe juu ya kidonda, na mtu mwingine akuwekee mtoto kifuani, usiinuke ukiwa umembeba siku za mwanzo. Kama bado unasikia kizunguzungu, baba aanze.

10. Maziwa hayatoki. Ni kwa sababu ya mawazo?

Kwa sehemu. Hofu haikaushi maziwa, inazuia yasishuke: homoni inayoyasukuma, oksitosini, inazibwa na wasiwasi na maumivu. Lakini sababu inayojirudia zaidi haina uhusiano na mawazo. Mama anakamua mara tatu au nne kwa siku, na mwili unaelewa kwamba hakuna mtoto. Zinahitajika mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, kuanzia saa za kwanza baada ya kuzaa, na mara moja kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati homoni inayotengeneza maziwa iko juu.

Kukamua kwa mkono:

1. Nawa mikono. Andaa kikombe cha chuma au cha glasi kilichochemshwa.
2. Kaa karibu na mtoto, au shika kofia yake, au tazama picha yake kwenye simu. Vuta pumzi taratibu (swali la 14).
3. Weka kitambaa cha vuguvugu, kisha sugua ziwa kwa dakika moja au mbili.
4. Kidole gumba juu, vingine chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu.
5. Sukuma kuelekea mbavuni, bana, achia. Usivute chuchu wala usitelezeshe vidole kwenye ngozi.
6. Dakika 3 hadi 5 upande mmoja, hamia wa pili, rudi. Jumla ni dakika 20 hadi 30.

Dakika mbili za kwanza huenda tone lisitoke. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Kuhusu kasiksi na bia zinazosemekana kuleta maziwa: pombe inazuia maziwa kushuka na inapita kwa mtoto. Uji wa mtama au wa soya ni chakula kizuri, ila bila kukamua hakuna uji utakaokusaidia.

11. Natoa matone tu, mwenzangu anajaza kikombe. Mtoto wangu atashiba?

Piga hesabu. Mtoto wa kilo 1.5 akianza na mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, ni mililita 90 mchana na usiku. Zikigawanywa mara 8, kila mlo ni mililita 11 hivi, vijiko viwili vya chai na kidogo. Walio wadogo zaidi wanaanza na mililita moja au mbili. Kiasi kinaongezwa polepole hadi karibu 150 au zaidi kwa kila kilo, na maziwa yako yana muda wa kukua naye. Yale ya kwanza, mazito ya manjano, ni machache kwa asili yake; yavute kwa sindano ndogo isiyo na ncha, usiache tone kikombeni.

Nje ya friji maziwa yatumike ndani ya saa 4. Friji inayozimika na umeme usiiamini.

12. Uzito wake umeshuka. Wananificha kitu?

Karibu watoto wote wanapungua siku za mwanzo, hadi karibu asilimia 10, na aliyezaliwa mapema anarudia uzito wake baada ya siku 10 hadi 14. Baadaye tarajia kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Usipime maisha yako kwa mzani wa kila asubuhi, angalia siku tatu kwa pamoja.

13. Munganga anapita haraka, anasema Kifaransa, sielewi.

Andika maswali matatu kwenye daftari, uyashike mkononi wakati wa ziara ya asubuhi: "Anapumua vizuri kuliko jana, sawasawa, au vibaya zaidi?" "Anapata mililita ngapi kila mlo?" "Tunangoja nini kabla ya hatua inayofuata?" Sema wazi: "Tafadhali nieleze kwa Kiswahili." Kisha rudia kwa maneno yako ulichoelewa, hapo kosa linaonekana mara moja. Daktari akiwa mbioni, muulize muuguzi baada ya makabidhiano ya zamu. Wakati wa makabidhiano yenyewe hakuna anayekusikia.

## Mwili na kichwa cha mama

14. Moyo unaenda mbio, nakosa pumzi, nadhani nakufa.

Ni shambulio la hofu. Linapanda, linafika kilele ndani ya dakika kama kumi, linashuka. Keti, nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika tano. Kinachotuliza ni kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ikishindikana, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: ndoo, mlango, kandambili, dirisha, dada wa usafi.

Lakini angalia: kukosa pumzi kusikoisha, maumivu ya kifua, au mguu mmoja uliovimba na kuuma, hiyo haitibiwi kwa kuhesabu. Inaweza kuwa damu iliyoganda. Mwone daktari saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu (presha ya mimba inaweza kupanda hata baada ya kuzaa, hadi juma la sita), homa ya 38 na kuendelea, uchafu unaonuka, au damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Mama wa neonato anapimiwa mtoto kutwa kucha, yeye mwenyewe hakuna anayempima presha. Iombe.

15. Nitajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ugonjwa?

Machozi yanayokuja siku ya tatu hadi ya tano na kuisha ndani ya majuma mawili ni ya kawaida. Yakizidi majuma mawili, au ukikosa usingizi hata pale mtoto yuko salama na kitanda kipo, ukakosa hamu ya kula, ukajiona huna thamani, ukakwepa kabisa kwenda kumwona mtoto, huenda ni unyogovu baada ya kuzaa, na unatibika.

Kuna dodoso la maswali 10 linaloitwa Edinburgh, lililotoka 1987, linalouliza ulivyojisikia siku 7 zilizopita. Alama ni 0 hadi 30, na sehemu nyingi mama mwenye 13 au zaidi anapelekwa kwa mtaalamu. Halichukui hata dakika kumi. Muulize muuguzi au APS (mhudumu wa msaada wa kisaikolojia na kijamii) wa hospitali kama wanalo. Usiogope neno "saikolojia" kwenye mlango: kuingia pale hakukuandiki wewe kuwa kichaa.

16. Napata mawazo ya kujiua, au ya kumdhuru mtoto.

Usikae peke yako usiku huu. Mwambie muuguzi wa zamu kwa maneno haya haya: "Nina mawazo ya kujiua." Wewe unayeambiwa na mama, usimhubirie. Kaa naye, ondoa dawa na vitu vya kukata, mtafute daktari.

Dharura nyingine ni mama ambaye ghafla, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza, halali kabisa, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au amebadilishwa, anachangamka kupita kiasi kisha anachanganyikiwa. Ni hali adimu, huwapata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, lakini haingojei asubuhi, wala haingojei maombi ya siku tatu. Bukavu ina kituo cha afya ya akili cha SOSAME, cha shirika la Frères de la Charité. Daktari wa hospitali anaweza kukuandikia barua ya kwenda huko.

17. Naweza kunywa dawa ya usingizi nikiwa nakamua?

Usinunue diazepamu dukani kwa ushauri wa jirani. Inapita kwenye maziwa na kumfanya mtoto mdogo alegee na kupumua vibaya. Dawa za unyogovu zinazokubaliana na kunyonyesha zipo, mfano sertralini, ila zinaandikwa na daktari na haziachwi ghafla. Kabla ya dawa, tafuta usingizi wa saa nne au tano mfululizo mara moja kwa usiku. Kamua saa nne usiku, lala, kamua tena saa tisa au kumi usiku. Mlinda mgonjwa wako akae karibu na mlango, aitwe yeye kwanza.

Na ule: bugali, sombe, maharagi, sambaza. Mama anayekamua na kushinda njaa ili kuokoa pesa ya dawa anamkosesha mtoto pande mbili.

## Familia, kanisa na pesa

18. Ukoo mzima unapiga simu. Nachoka kujibu.

Chagua mtu mmoja, dada au shemeji, awe msemaji. Mpe habari mara moja kwa siku, jioni, naye azipeleke kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya mtoto mwenye mipira puani usiitume kwa wengi: maneno yatakayorudi yatakukosesha usingizi.

19. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu, na nabii ametuomba tumtoe mtoto hospitalini.

Omba, imba, mwite mchungaji aombee mlangoni, hakuna muuguzi atakayekukataza. Yasiyokubalika ni matatu: kumtoa kwenye oksijeni, kumpa kinywani kitu chochote kisicho maziwa au dawa aliyoandikiwa, na kumpaka mafuta ya upako au dawa ya majani kwenye kitovu. Ngozi yake inapitisha vitu kwa urahisi. Mama mkwe usimjibu kwa ubishi, mlete ndani. Aoneshwe jinsi ya kubeba kangaruu (swali la 8), na mara nyingi anageuka kuwa mlinzi mkali kuliko wote. Mwite kwa heshima yake: "Mama, tunahitaji kifua chako."

20. Baba haji, au akija anakaa kimya.

Wanaume wengi wanashinda wakitafuta pesa ya fakitire (bili ya hospitali), wakidhani hiyo ndiyo kazi yao yote. Hofu yao inatoka kama ukimya, hasira au pombe. Usimwambie "njoo umwone". Mpe saa na kazi: "Njoo saa kumi na mbili jioni, umbebe saa moja, mimi nilale."

21. Hatuna pesa ya kulipa. Tufanye nini sasa hivi?

Uliza mapema kwenye mapokezi kama hospitali imo katika gratuité, mpango wa uzazi bila malipo ulioanzishwa na serikali mwaka 2023, unaomhusu pia mtoto mchanga. Si kila hospitali imo, na si kila dawa inaingia. Kisha omba fakitire ya kila juma, usingoje ya mwisho: deni unalolijua unaweza kulipangia. Mtafute mfanyakazi wa jamii kabla ya siku ya kutoka. Wanaoongea naye mapema wanapata makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, wanaomngoja mlangoni wanakuta keshia tu.

## Hali za pekee

22. Mtoto amehamishiwa Bukavu, mimi bado niko Walungu au Idjwi.

Anza kukamua huko huko, siku hiyo hiyo, hata kama maziwa yanamwagwa. Unatunza kisima kwa ajili ya siku utakapofika. Omba kituo chako kimpigie muuguzi wa neonato mara moja kwa siku, saa maalumu. Kutoka mtaa mmoja wa Bukavu hadi mwingine, maziwa yanaweza kubebwa kwenye chombo kilichofungwa ndani ya thermosi yenye barafu, yakiandikwa jina na saa.

23. Mapasa: mmoja ametoka, mwingine amebaki.

Hali ngumu kuliko inavyoonekana, kwani mama anajiona msaliti kila upande. Omba aliyetoka akubaliwe kukaa nawe kwenye chumba cha kangaruu. Ikikataliwa, gawa siku, usigawe saa: asubuhi nzima kwa mmoja, jioni nzima kwa mwingine.

24. Tunarudi nyumbani na nimejaa hofu kuliko nilipofika. Kwa nini?

Kwa sababu mashine haziji nawe. Kabla ya kutoka, omba usiku mmoja au miwili ambapo wewe ndiye unayefanya kila kitu na muuguzi anatazama tu. Hospitali nyingi zinangoja mtoto aongezeke uzito siku kadhaa mfululizo, anyonye au anywe kwa kikombe, atunze joto, na amalize kama juma moja bila kukata pumzi.

Nyumbani endelea na kangaruu hadi mwenyewe aikatae kwa kujinyonganyonga, kwa kawaida karibu na kilo 2.5. Usipashe chumba joto kwa mbabula ya makala (jiko la mkaa): gesi yake inaua bila harufu, na moshi unamaliza mapafu yaliyopona juzi. Wageni wasalimie kutoka mlangoni. Rudi hospitalini mara moja akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikiingia ndani, akiwa na joto la 38 na kuendelea au chini ya 35.5, akitetemeka kwa degedege, au viganja na nyayo vikiwa vya manjano. Chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa, lakini kukaa na kutembea kunahesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa.

25. Mtoto amefariki, na maziwa yanaendelea kuja.

Usifunge kifua kwa kikwembe kilichokazwa, kinaweza kuleta jipu. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha baridi, kamua kidogo tu pale yanapouma, ukipunguza kila siku. Parasetamoli inasaidia. Daktari anaweza kuandika dawa ya kukausha, ila si kwa kila mama, hasa mwenye presha.

Una haki ya kuomba kumshika, kumwosha, kumvika, kumwita jina lake. Wapo wazee wanaomficha mama mwili wa mtoto wakidhani wanamkinga. Mama aamue mwenyewe, wala asiharakishwe kwa upande wowote.

26. Mtoto ana miezi mitano, mzima kabisa, lakini nikisikia mlio wa simu naruka.

Mlio wa microwave, harufu ya dawa ya kunawia mikono, barabara ya kwenda hospitali: vyote vinaweza kukurudisha chumbani mule. Kumbukumbu zinazoingia kwa nguvu, ndoto mbaya na kukwepa vitu vikizidi mwezi mmoja na kukuharibia siku, ni jeraha la kisaikolojia baada ya tukio la kutisha, na lina matibabu yake ya mazungumzo. Nenda kwa mtaalamu wa saikolojia ukiwa na mtoto mgongoni. Na kama unakagua pumzi yake kila nusu saa usiku kucha, mweleze hilo kwanza.